Msiwaambie Wavumilie

Ushauri mbaya kuliko wote tunaowapa watoto wetu wanaokwenda kuishi na familia za watu ughaibuni ndio huo tunaouona wa busara kupita yote: kavumilie. Kavumilie, mwanangu, huko si kwenu. Kula unachopewa. Usiwe na maneno mengi. Umepata bahati wenzako wanayoililia, usije ukatuaibisha. Baba husema hivyo, mama huongezea yake, shangazi aliyekuja kuaga hupigilia msumari kwa methali ya mvumilivu na mbivu zake, na kijana wa miaka 16 hupanda ndege akiwa amefungwa mdomo na watu wanaompenda.

Ninawazungumzia wanafunzi wa sekondari wanaokwenda Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, hasa kwa mpango wa Kennedy-Lugar unaojulikana zaidi kwa jina la YES. Ulianzishwa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na unagharimiwa na serikali ya Marekani. Umekuwa ukichukua vijana kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu, zikiwemo Kenya na Tanzania, Bara na Visiwani. Nauli, bima na posho ndogo ya mwezi hutoka kwenye mpango wenyewe. Kosa letu linaanzia hapo hapo. Kwa kuwa hatukulipa, tunahesabu kwamba mtoto amesaidiwa, na mtu aliyesaidiwa, kwa mazoea yetu, hana la kusema.

Lakini fedha hizo zilitolewa za nini? Wamarekani hawakutenga bajeti ili mtoto wa Tanga akaone theluji. Walitaka familia ya kule Iowa au Ohio, ambayo pengine haijawahi kukaa meza moja na Mwislamu wala Mwafrika, ikae naye miezi kumi, imuulize maswali, ibishane naye, imzoee. Walitaka naye awaone wao kwa macho yake, si kwa sinema. Kwa hiyo mtoto wetu hakuitwa akapokee tu. Ana kitu cha kutoa, na hakitoki kama hasemi.

Tena familia zile hazilipwi. Kanuni za mpango wa wanafunzi wa sekondari zinakataza kuzilipa kwa kumpokea mtoto. Zinachoweza kupata ni nafuu ya kodi tu, isiyozidi dola 50 za kuondoa kwenye hesabu kwa kila mwezi. Wengi wao walisoma barua aliyoiandika kijana, wakatazama picha zake na za ndugu zake, wakasema huyu ndiye tunayemtaka. Watu wa namna hiyo wanasubiri mtoto mwenye habari zake, anayependa hiki na kukataa kile. Sisi tunawapelekea mtu aliyeagizwa asionekane.

Tazama inavyokuwa. Mama mwenyeji, siku ya kwanza, anamwambia aitwe kwa jina lake tupu. Mtoto wa Kiswahili hawezi kumwita mtu wa umri wa mama yake kwa jina tupu, ulimi unagoma. Angesema tu, "Kwetu hatuwaiti wakubwa hivyo, naomba nikuite mama," mama yule huenda angelia kwa furaha. Lakini ameambiwa asiwe na maneno, basi anaamua kutomwita kabisa. Anamsubiri ageuke ndipo aseme. Miezi inapita, na yule mama anajiuliza amemkosea nini binti huyu.

Au chakula. Asubuhi kuna nyama ya nguruwe kwenye kikaango. Mtoto wa Kiislamu anasema hana njaa. Kesho yake pia hana njaa. Mwenyeji anaona msichana asiyekula, anaogopa kwamba ni mgonjwa au ana matatizo ya akili, na hofu hiyo inazaa vikao na simu. Kumbe lilihitajika jambo la dakika mbili: hiki sili, na sababu yake ni hii, mayai nakula. Mwezi wa Ramadhani nao ukifika, mtoto aliyenyamaza anaamka daku gizani kama mwizi, akila mkate mkavu asije akawasha taa. Aliyesema huwekewa chakula kwenye friji tangu jioni, na hutokea nyumba nzima ikakaa naye kufuturu.

Mbwa ndiyo mtihani mkubwa kwa watoto wa pwani. Kule mbwa hulala kwenye kochi, humlamba mgeni usoni, na ana jina na picha ukutani. Mtoto aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambako mate ya mbwa ni najisi nzito ya kuoshwa mara saba, anaruka kila mnyama anapomkaribia. Wenyeji wanaona chuki. Laiti angewaeleza habari ya twahara na udhu, mbwa angezuiwa asiingie chumbani mwake na jambo lingekwisha kwa maelewano.

Hata chumba chenyewe. Kwetu mtoto mwenye adabu hajipenyezi kwenye mazungumzo ya wakubwa, anajitenga mpaka aitwe. Kule mtoto anayejifungia chumbani anatafsiriwa kuwa amewachukia, ama amezama kwenye huzuni. Huku Dar es Salaam au Mombasa sifa zinamiminika, mtoto wetu ametulia, hasumbui watu. Kule kuna baba na mama waliojitolea nyumba yao, wanaosema faraghani kwamba wameshindwa.

Mpaka hapa nimetaja mambo ya kawaida tu, ya kuharibu mwaka. Yapo ya kuharibu mtoto. Mwaka 2009, huko Scranton, Pennsylvania, iligundulika kwamba wanafunzi wa kubadilishana kutoka mataifa mbalimbali walikuwa wamewekwa katika nyumba chafu, wengine bila chakula cha kutosha. Mratibu aliyekabidhiwa kuwaangalia ndiye aliyeishia mahakamani. Aibu ile iliisukuma Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kukaza kanuni mwaka uliofuata. Leo watu wazima wote wa nyumba inayopokea mwanafunzi huchunguzwa kama wana rekodi ya uhalifu. Nyumba hukaguliwa na kupigwa picha. Mratibu wa eneo lazima aishi ndani ya maili 120, yaani kilomita 193 hivi, kutoka alipo mwanafunzi, na awasiliane naye kila mwezi. Iko pia simu ya bure ya Wizara yenyewe, ambayo mwanafunzi anaweza kuipiga moja kwa moja bila kupitia kwa mtu.

Ukizisoma kanuni hizo utaona kwamba nyingi zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba mtoto atasema. Hakuna mkaguzi anayelala sebuleni. Mratibu anapiga simu, anauliza unaendeleaje, na mtoto wetu anajibu kama alivyofundishwa tangu anajifunza kuongea: nzuri. Kwetu jibu hilo halidanganyi mtu. Mgonjwa aliye kitandani atakwambia hajambo, kisha baada ya kimya kidogo atasema ila mguu huu tu, ila usiku silali. Na anayeuliza anajua kusubiri hiyo ila. Mratibu wa Kimarekani hajui. Kwake nzuri ni nzuri. Anaandika kwenye fomu kwamba mwanafunzi anaendelea vizuri, anakata simu, na mwezi umepita.

Watetezi wa uvumilivu wana hoja zao, na ninazijua. Ya kwanza ni kwamba sisi wenyewe tuliishi kwa mashangazi na wajomba ili tusome, tukapigwa, tukachota maji kabla ya alfajiri, tukanyamaza, na leo ni watu. Nawajibu kwamba waliovunjika hawapewi kipaza sauti harusini wakasimulia. Lakini kuna jibu zito zaidi. Mtoto aliyenyamaza kwa shangazi hakuwa peke yake. Jirani alimwona mgongo. Mwalimu aliona anasinzia darasani, akaulizia. Bibi alikuja kutembea, akakaa siku tatu, akaondoka bila kusema kitu, na wiki iliyofuata kikao cha ukoo kikaitishwa. Mila zetu zilimruhusu mtoto anyamaze kwa sababu zilikuwa zimempangia watu wa kusema kwa niaba yake. Tukimpeleka kwenye mtaa wa nyumba zilizotengana, ambako jirani hapiti bila kualikwa na watu huenda dukani kwa gari, tumemnyang'anya wasemaji wote tukamwachia ule wajibu wa kukaa kimya. Huko si kuendeleza mila. Ni kuchukua nusu yake, na kuacha nusu iliyokuwa inamlinda.

Hoja ya pili ni kwamba akilalamika atarudishwa. Yanayomrudisha mwanafunzi katika mipango mingi yanajulikana mapema: kuendesha gari, pombe, dawa za kulevya. Kusema sili nguruwe si mojawapo. Na ikitokea familia na mtoto hawakuivana, upo utaratibu wa kumhamishia kwingine. Katika mpango wa vijana wa Rotary ni kawaida kabisa mwanafunzi kuishi na familia zaidi ya moja ndani ya mwaka mmoja, tena bila ugomvi wowote. Sisi tunauhesabu uhamisho huo kama talaka, tunauficha hata kwa majirani, na mtoto anaijua aibu hiyo kabla hajafungua begi.

Hoja ya tatu ndiyo hupambwa zaidi: mtoto ni balozi wa nchi, asituchafulie jina. Sawa, awe balozi. Balozi hutumwa akaseme. Hukaa na wenyeji, akawaeleza kwa heshima kwamba jambo hili serikali yangu hailikubali, na wakimwelewa uhusiano hukua. Balozi anayekubali kila analopewa ili asiudhi, huyo nchi yake ingemwita arudi.

Sidai kwamba hakuna la kuvumilia. Baridi ya Januari ivumiliwe. Jua linalozama saa kumi na nusu alasiri livumiliwe, na chakula kisicho na chumvi, na shule ambayo wiki za mwanzo hakuna anayekujua jina. Kuosha vyombo na kufua kuvumiliwe pia, tena bila kunung'unika, maana methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na aliyepewa jembe amekuwa mtu wa nyumba ile. Njaa isivumiliwe. Dharau ya dini isivumiliwe. Mkono wa mtu mzima unaozidi mipaka usivumiliwe hata dakika moja, awe nani. Mtoto wa miaka 16 hawezi kujua mpaka uko wapi ikiwa wosia wetu umeyafunga yote katika kifurushi kimoja.

Wala simwiti mtoto akawe mjeuri. Waswahili tuna ufundi wa kusema neno zito bila kumvunjia mtu heshima. Tunaomba radhi kabla, tunaanza na shukrani, tunalileta jambo polepole, tunamwachia mwenzetu nafasi ya kutoka bila fedheha. Ufundi huo watoto wetu hawaupati kwa kuzaliwa tu; hufundishwa. Wiki zile za maandalizi, badala ya kumlimbikizia khanga na vinyago vya zawadi, mzazi amkalishe mwanawe wafanye mazoezi. Utamwambiaje mama wa kule kwamba chakula hiki huli? Utamwambia nini mratibu ukiona mambo si mambo? Namba yake umeiweka wapi? Nasi akitupigia WhatsApp, tusimuulize anakula, akajibu anakula, tukahamia kwenye simu anayotarajiwa kumletea kaka yake. Tumuulize nini kimemkera wiki hii, kisha tusimkatize.

Kwa nini basi hatufanyi hivyo, ilhali ni rahisi? Nadhani ni kwa sababu mtoto huyu atarudi. Visa ya wanaogharimiwa na serikali ya Marekani inawataka wakae nchini kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au baadhi ya visa za kazi kule. Kwa hiyo atakaa nasi, mezani petu, darasani kwetu, na kama alijifunza kule kusema kwa adabu kwamba jambo fulani halikubali, atalisema na hapa. Atamuuliza mwalimu kwa nini amepigwa. Atamwambia baba yake kwamba amekosea. Siku hiyo tutasema Marekani imemharibu, na tutaapa kwamba anayefuata tutamuusia vizuri zaidi. Wosia wa uvumilivu hatuutoi kwa kuogopa atakachowaambia Wamarekani. Tunaogopa atakachotuambia sisi, na kwa woga huo tunamwacha mtoto peke yake, mbali na kwao, bila ulinzi pekee aliokuwa nao.