Limitedi Maana Yake Nini kwa Mfanyakazi?



Kila asubuhi tunapita chini ya kibao chenye jina la kampuni, na mwisho wa jina hilo kuna herufi tatu: Ltd. Mimi nilizipita herufi hizo kwa miaka 11 katika kiwanda cha chai, bila kuziuliza habari, mpaka siku tulipokuta lango limefungwa kwa mnyororo. Tulikuwa tukidai mishahara ya miezi 7. Tukaenda nyumbani kwa mwenye kiwanda, tukamkuta amekaa barazani. Alitujibu kwa upole kabisa: "Ndugu zangu, mimi hamnidai. Mnaidai kampuni." Tulidhani anatufanyia mzaha. Kumbe sheria ilikuwa upande wake.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni iliyoandikishwa ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kumiliki mali, kukopa, kushtaki na kushtakiwa. Wenye hisa ni watu wengine, mbali nayo. Mtu akinunua hisa za shilingi milioni 1 na kuzilipa zote, halafu kampuni ikafa na deni la milioni 500, hasara yake ni ile milioni 1 tu. Nyumba yake, ng'ombe wake na shamba lake haviguswi. Dhima yake ina kikomo, na hiyo ndiyo maana ya Limitedi.

Sheria hiyo ilitungwa Uingereza mwaka 1855, ikatufikia pamoja na wakoloni, na baada ya uhuru tukabaki nayo. Sheria ya Makampuni ya Uganda ya mwaka 2012 imejengwa juu ya msingi huohuo.

Iko kesi moja ambayo mawakili wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanaisoma mpaka leo. Aron Salomon alikuwa fundi na mfanyabiashara wa viatu huko London. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda yeye mwenyewe. Wenye hisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao 5. Hisa zilikuwa 20,007, na katika hizo 20,001 zilikuwa zake. Tena kampuni ikamwandikia hati za deni la pauni 10,000, mali ya kampuni ikiwa dhamana. Mwaka uliofuata kampuni ikaanguka. Mali iliyobaki haikutosha hata kulipa hati zile zote, na wadai wasio na dhamana wakabaki mikono mitupu. Mahakama za chini zilisema kampuni ile ni Salomon tu aliyevaa kanzu nyingine, kwa hiyo alipe. Lakini Novemba 1896 Baraza la Malodi likaamua kwamba kampuni ni mtu mbali, wala Salomon hadaiwi. Hawakuona udanganyifu wowote. Alifuata sheria ilivyoandikwa.

Sasa tujitazame wenyewe. Kampuni ikifilisika, huteuliwa mfilisi. Naye kwanza hulipwa gharama zake. Benki iliyowekewa rehani mitambo huichukua mitambo yake. Ujira wetu una kipaumbele, lakini kipaumbele hicho kina mpaka. Jirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, wamewekewa miezi 4. Mkataba namba 173 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1992, unataka isipungue miezi 3. Deni la zaidi ya hapo tunalipangia foleni pamoja na muuza kuni na mwenye lori. Na kipaumbele juu ya sufuria tupu hakishibishi mtu. Katika kiwanda chetu mitambo ya kukaushia chai ilikuwa rehani benki, na shamba lilikuwa la kampuni nyingine yenye wakurugenzi walewale. Tulichogawana hakikufika mshahara wa mwezi mmoja.

Wapo ndugu wanaosema Limitedi ifutwe kabisa, kila tajiri alipe mpaka shati. Naielewa hasira yao, lakini sikubaliani nao. Vyama vyetu vya ushirika na vya akiba na mikopo vinasimama juu ya kikomo hichohicho. Chama kikianguka, mwanachama hupoteza hisa zake, si kiwanja chake. Tukiling'oa paa la tajiri kwa namna hiyo, mvua itatunyeshea na sisi.

Ninachodai ni kwamba kikomo kisiwe maficho. Sheria hutungwa na watu, na watu huibadili. Mwaka 1897, mara tu baada ya hukumu ya Salomon, Bunge la Uingereza liliweka ujira wa wafanyakazi, kwa kiasi maalumu, mbele ya mkopeshaji ambaye dhamana yake inaelea juu ya mali yote ya kampuni. Na kwa sheria ya mwaka 1975 waliweka utaratibu wa mfuko wa taifa kulipa sehemu ya ujira ambao mwajiri aliyefilisika ameshindwa kuulipa. Mfuko wa namna hiyo tunauhitaji na sisi, nao uchangiwe na waajiri. Hapa Uganda, Mahakama Kuu inaweza kulifunua pazia la kampuni na kuwafikia watu walio nyuma yake, iwapo kuna udanganyifu au ukwepaji wa kodi. Lakini mahakama inataka ushahidi, na ushahidi uko mikononi mwetu.

Kwa hiyo, ndugu, tazama jina lililo kwenye karatasi yako ya mshahara. Ukiletewa mkataba mpya wenye jina la kampuni ya wakala, usitie sahihi kabla ya kumwona katibu wa tawi. Kampuni hiyo huenda mali yake ni meza moja na mhuri. Tunza vipande vyako na karatasi zako zote. Uliza salio lako la NSSF mara kwa mara, uone kama 5 kwa mia unayokatwa na 10 kwa mia ya mwajiri zimefika. Na juu ya yote, tusikubali deni la mishahara lirundikane. Mwezi wa kwanza ukipita, tawi liketi na mwajiri. Wa pili ukipita, twende kwa Afisa Kazi. Sisi tulingoja miezi 7 kwa sababu bwana yule alikuwa mtu mwema, na kwa kweli alikuwa mwema. Lakini hakuwa yeye tuliyekuwa tukimdai.

Umoja ni nguvu.