Mafunzo ya kuzamia: Faida mbele, usalama nyuma?

Ushindani wa shule nyingi umeshusha ada ya mafunzo ya kuzamia kwa mitungi ya hewa katika kisiwa cha Koh Tao, Thailand. Swali ni nani anayeulipia unafuu huo.

PADI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1966, inaruhusu mkufunzi mmoja kuwashusha baharini wanafunzi wanane wanaoanza, hadi kina cha mita 18. Anayepanda kwa hofu huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu. Mkufunzi akimfuata, saba hubaki bila mtu wa kuwatazama.

Wanane ni ukomo, si lazima. Lakini mashua na mafuta ni yale yale, wawe wanne au wanane, na PADI yenyewe, mtunga kanuni, hulipwa kwa kila cheti. Shule inayopunguza idadi hulazimika kupandisha ada, na mteja huhamia mlango wa jirani.