Kompyuta Imegoma Kuamka? Usikubali Ifutwe

Toleo hili tunajibu swali ambalo ndugu zetu wa Albert Park hutuuliza kuliko mengine yote: kompyuta ilikuwa inajisasisha, umeme ukakatika, na sasa ukiiwasha inatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, halafu inaganda. Fundi anasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Je, ni kweli?

Mara nyingi si kweli, na katika mtaa huu jibu hilo lina uzito. Katika maghorofa ya Diakonia Avenue na Maud Mfusi Street utawakuta watu wa Kivu, wa Burundi na wa Tanzania. Tangu mwaka 2021 vibali vya wakimbizi na waomba hifadhi vimekuwa vikihuishwa kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo kompyuta kuukuu ya familia, ambayo betri yake ilikufa zamani, ndiyo kabati la nyaraka: nakala za vibali, vyeti vya watoto, picha za waliobaki nyumbani. Karatasi zenyewe huenda zilibaki Uvira, na hakuna wa kuzifuata. Ukifuta diski, umefuta na hayo.

Kwanza tuelewane maneno. Moyo wa Linux tutauita kiini. Kama kiini cha yai, hukioni kwa nje, lakini ndicho kinachozungumza na diski, kibodi na kioo. Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 huko Helsinki akiwa mwanafunzi wa miaka 21, rika letu kabisa. Kompyuta nyingi tunazoletewa zina Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi la Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo majirani zetu Wazulu hawahitaji kufafanuliwa, wala sisi: ni ndugu wa damu wa neno letu utu.

Kompyuta inavyoamka ni kama mbio za kupokezana kijiti. Programu ndogo ya ubao mkuu huanza, kisha humpa kijiti GRUB. GRUB hubeba kiini pamoja na furushi liitwalo initramfs, lenye zana za kufungulia diski. Diski ikifunguka, kiini hukabidhi kazi kwa systemd, na wewe unaona sehemu ya kuandika nywila. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, furushi linaweza kuandikwa nusu. Kiini kipya kinafika mlangoni bila ufunguo, kinaandika "Kernel panic", na mbio zinaishia hapo. Nyaraka zako kwa kawaida bado zipo ndani, salama. Kilichoharibika ni njia ya kuingilia.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Kwanza, jaribu kiini cha zamani. Ubuntu haikitupi mara moja. Washa mashine, bonyeza Esc (kwenye mashine za zamani shikilia Shift), chagua "Advanced options", kisha chagua nambari ya chini kuliko ile ya juu kabisa. Ikiamka, usishangilie bado: nakili nyaraka kwenye flashi kabla ya jambo lolote.

Pili, tengeneza. Angalia nafasi kwa "df -h /boot", kwa sababu chumba hicho kikijaa furushi halikamiliki hata umeme ukiwepo. Kisha andika, moja baada ya nyingine: "sudo dpkg --configure -a", "sudo update-initramfs -u -k all", "sudo update-grub". Washa upya.

Tatu, kama hata cha zamani kimegoma, ingia kwa dirishani. Weka Ubuntu kwenye flashi ukitumia kompyuta ya rafiki, washa mashine kwa flashi hiyo, na uchague kuijaribu bila kusakinisha. Fungua diski ya ndani na utoe nyaraka. Kama diski ilifungwa kwa nywila, mwenyewe awepo. Hapo ndipo fundi anaweza kuzungumzia kufuta, wala si kabla.

Wapo wanaotaka kujijengea kiini kutoka chanzo, labda kwa ajili ya kifaa ambacho mfumo wao haukitambui. Kamusi hutupa kukusanya kwa kazi hiyo, lakini neno hilo linadanganya kidogo: kinachofanyika ni kutafsiri maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine. "make localmodconfig" huchagua vipande vinavyotumika sasa tu, kwa hiyo chomeka vifaa vyako vyote kwanza. Kisha "make -j2" kwa mashine ya nyuzi mbili, na subira ya saa kadhaa. Uzuri ni kwamba kutafsiri hakugusi kiini kinachofanya kazi. Umeme ukikatika, ukirudia amri hiyo make huendelea na faili zilizobaki. Hatari iko kwenye "sudo make modules_install" na "sudo make install". Hizo zisubiri umeme wa uhakika, na kiini cha zamani kibaki mahali pake.

Kanuni ni ileile kwa anayejenga na anayesasisha tu: tazama ratiba ya umeme, weka nakala, usitupe cha zamani mpaka kipya kimeamka mara mbili tatu.

Wanachama wenye flashi ya gigabaiti 8 isiyotumika, ileteni mkutano ujao. Tutaziwekea Ubuntu, na kila mmoja aondoke na moja ya kuwapelekea mama na baba zetu wa mtaani. Walimu pia mnakaribishwa, hasa mwenye neno zuri kuliko kukusanya.