Hofu ya Aliyepasuliwa

Msomaji, hapa Diani mtu aliyepasuliwa ili apungue unene akisema ana hofu, huambiwa amejitakia. Neno hili ni baya, nami nalipinga. Katika namna moja ya upasuaji huo huondolewa kadiri ya robo tatu ya mfuko wa tumbo, na sehemu iliyosalia hufungwa kwa pini ndogo. Mshono ukivuja, homa hupanda, moyo huenda mbio na maumivu huzidi. Kungoja kuche ni hatari. Hupatwa wachache, kweli, lakini nani ajuaye ni yupi? Aliyekwisha kuaibishwa huificha homa yake, na Msambweni, penye hospitali ya rufaa ya Kwale, si jirani usiku. Mbona aliyevunjika mguu uwanjani hatumwambii amejitakia?