Tupaue vizuri kabla ya kuezeka

Watu wa pwani wana maneno mawili kwa kazi ya paa. Kupaua ni kusimamisha miti au mbao za paa. Kuezeka ni kuzifunika kwa makuti au bati. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wanaojenga nyumba, maduka na maghala ya mazao kuanzia Bunju hadi Bagamoyo na Saadani hutumia fedha nyingi katika kuezeka, na kubana matumizi katika kupaua.

Sababu yake inaeleweka. Bati linaonekana barabarani, mbao hazionekani. Lakini bati halishiki nyumba, bali hushikwa. Mkulima wa nanasi wa Kiwangwa aliyeweka akiba misimu kadhaa anunue bati zuri hatapata faida yoyote kama mbao zilizo chini yake ni dhaifu.

Nyumba ya makuti ilikuwa na mpango wake. Mwamba ulibebwa na nguzo, kombamoyo zikauegemea, na fito zikafungwa juu yake kwa kamba. Makuti ni mazito na hupitisha upepo, kwa hiyo kazi kubwa ya miti ile ilikuwa kubeba uzito. Bati ni jepesi na halipitishi upepo. Upepo ukiingia chini ya upenu hulisukuma juu. Hivyo paa la bati halihitaji kubebwa tu, linahitaji pia kufungwa chini.

Upepo huo si wa kubuni. Aprili 1872 kimbunga kilichopiga Zanzibar kilibomoa pia majengo ya misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Vimbunga vya namna hiyo ni vya nadra, lakini paa lililofungwa vibaya huweza kung'olewa hata na upepo mkali wa siku moja ya masika.

Mwenye nyumba hana haja ya kuwa fundi ili aikague kazi. Kwanza, aangalie kama kila kenchi ni pembetatu kamili. Mbao mbili za mteremko husukuma kuta kwenda nje, na ubao wa chini unaolala toka ukuta hadi ukuta ndio unaozizuia. Fundi akiuondoa ubao huo ili kupunguza gharama, kuta zitapasuka.

Pili, kenchi zifungwe kwa nondo nyembamba au ukanda wa chuma uliozamishwa katika mkanda wa zege juu ya ukuta, wakati zege ikimwagwa. Misumari peke yake haitoshi. Tatu, nafasi kati ya kenchi na kenchi isizidi mita 1.2, na kati ya papi na papi isizidi sentimita 90. Ziwepo pia mbao za mshazari, ili kenchi zisilale kama karata.

Nne, mbao ziwe kavu na zenye dawa. Mbao mbichi husinyaa na misumari hulegea. Kwa mbao za paini zinazotoka Mafinga, rangi ya kijani si ushahidi wa dawa. Kata kipande: kama rangi imebaki juu juu tu, mchwa watakuja. Karibu na bahari tumia misumari iliyopakwa zinki, kwani chumvi hula chuma haraka.

Tunatoa rai kwa halmashauri za pwani: wahandisi wenu wachore mchoro mmoja rahisi wa kenchi na kuubandika katika kila ofisi ya kijiji na mtaa. Wauza vifaa vya ujenzi nao waubandike madukani mwao. Kwa mwananchi ushauri wetu ni mfupi. Fedha zikipungua, punguza ukubwa wa nyumba au subiri msimu mwingine, lakini usipunguze mbao za kupaulia.