Kodi Haifutwi kwa Maneno

Katika nchi ya Marekani wako watu wanaoshikilia kwamba sheria haiwalazimishi kulipa kodi ya mapato. Hawa si wale wanaolalamika kwamba wamekadiriwa kupita kiasi, kwani kulalamika hivyo ni haki ya kila mlipa kodi. Hawa husema kwamba mshahara si pato. Au kwamba jina lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu si lao. Au kwamba Badiliko la 16 la Katiba, lililothibitishwa mwaka 1913, halikupitishwa kwa halali. Hujaza karatasi nyingi maneno yenye sura ya sheria, wakazipeleka kortini.

Je, majaji huzipokeaje? Mwaka 1984 korti moja ya rufani ilisema kwamba haina haja ya kuzijibu hoja za namna hiyo moja moja, maana kuzijibu kungewafanya watu wadhani zina uzito. Tena sheria yairuhusu Korti ya Kodi kumtoza mwenye hoja za upuuzi faini ya hadi dola 25,000, mbali na kodi yenyewe.

Lakini tusidhani kwamba majaji hawana huruma kwa asiyejua. Mwaka 1991, katika shauri la rubani mmoja wa ndege, Korti Kuu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba aaminiye kwa moyo safi kuwa sheria haimdai kodi, hana kosa la jinai la kukaidi kwa kusudi, hata imani yake ikiwa ya kijinga. Bali aijuaye sheria, kisha akasema tu kwamba yapingana na Katiba, hana kinga hiyo. Kesi ya rubani ikasikizwa upya, naye akatiwa hatiani.

La kusikitisha ni kwamba wengi wao hawakuzitunga hoja hizo, bali walizinunua vitabuni na mikutanoni. Mwuzaji hutia fedha mfukoni. Mnunuzi huachiwa kodi, riba na faini. Na kumbe mlango wa haki ulikuwa wazi: aliyeletewa barua rasmi ya kudaiwa kodi zaidi hupewa siku 90 za kupeleka shauri lake katika Korti ya Kodi, kabla hajalipa hata senti moja ya deni hilo. Huko angefika na hesabu na stakabadhi zake, akasikizwa. Mkataa pema, pabaya panamwita.