Danki Moja ya Instagram Haikufanyi Supastaa

Wadau, leo naomba niwakere kidogo. Wiki nzima Instagram yangu imejaa klipu ya dogo mmoja wa hapa Dar, jina naliweka kapuni, anadanki kwa mkono mmoja kama anatundika koti. Malaiki kama yote. Kila anayeiposti anaandika "NBA tunakuja" au "supastaa mpya wa Bongo huyu hapa". Kuna ukurasa mmoja mkubwa, nao siutaji, umeshamtafutia mpaka timu ya Marekani.

Mimi dogo nimemwona akicheza laivu, robo zote nne. Ni mzuri sana, asikudanganye mtu. Ila robo ya tatu wapinzani wakashtuka kwamba kila kitu anakifanya kwa mkono wa kulia. Wakamfungia kulia, akiingia ndani anakuta watu wawili. Akafanyaje? Akalazimisha. Akapoteza mpira, akalazimisha tena, akamtolea refa macho. Wenzake wako wazi, wamenyoosha mikono mpaka imechoka. Hiyo sehemu hakuna aliyeiposti.

Na ugomvi wangu uko hapo. Mchezaji mzuri sana anafanya anachokiweza mpaka siku utakayomzuia. Supastaa ukimzuia ndiyo umejimaliza, maana umefungua mlango mwingine na yeye kauona kabla yako.

Hutaki? Turudi Novemba 2008, Marekani. Chuo cha Davidson kinacheza na Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola kaamua yule mwembamba, Stephen Curry, akabwe na watu wawili muda wote, awe na mpira asiwe nao. Huyu ndiye aliyekuja kumaliza msimu ule akiwa anaongoza kwa wastani wa pointi vyuo vyote vya daraja la juu. Akafanya nini? Akaenda kusimama kona. Basi. Wale wawili wakamfuata hukohuko kama walinzi wa mheshimiwa, na wenzake wakabaki wanne dhidi ya watatu. Curry alitupa mara tatu tu, akamaliza na sifuri. Davidson ikashinda 78 kwa 48. Sasa niambie, hawa mastaa wetu wa klipu, nani anakubali kutoka na sifuri huku watu wamejaa jukwaani wanamrekodi?

Miezi saba baadaye, Juni 2009, ikaja drafti ya NBA. Sisi Wabongo tunaikumbuka kwa sababu Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar, mita 2.21, alichukuliwa namba 2 na Memphis. Curry? Namba 7. Minnesota walikuwa na namba 5 na namba 6, wakachukua wawili wa nafasi ileile anayocheza yeye, wakamwacha. Leo ana ubingwa mara nne, na mwaka 2016 akawa MVP wa kwanza kupata kura zote.

Msianze kumkejeli Hasheem, nawajua. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili na kacheza NBA misimu mitano. Wewe na mimi hata viza hatuna. Lakini mzuiaji wa chini ya ringi anamhitaji adui aje pale alipo. Kule kila timu ina warefu, na hakuna aliyelazimika kubadili mpango wake wote kwa ajili yake. Alikuwa mzuri sana. Usupastaa tulimwandikia sisi, kwa kumpima na futi.

Mtaniletea LeBron, kwamba mwili ndio kila kitu. Huyohuyo ndiye wa kwanza NBA kufikisha 10,000 kwenye pointi, ribaundi na asisti zote tatu. Asisti, wadau! Na Nikola Jokić, haruki hata kimo cha kreti la soda, alichukuliwa namba 41 mwaka 2014. MVP mara tatu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huku kwetu makocha nao wanapima kwa macho kama mashabiki. Mdogo wangu alienda majaribio, akaambiwa arudi akirefuka. Hata mpira hakupewa. Yule ambaye kila siku mtaani alikuwa anajua nani yuko wazi kabla mwenyewe hajajua! Kaacha kikapu, siku hizi anabeti.

Na dogo wa danki naye tunamharibu. Bado ana umri wa kujifunza kushoto, bado ana umri wa kujifunza kutoa pasi wakimjia wawili. Nani atamwambia, wakati kila akifungua simu anaitwa supastaa?

Nilimtumia meseji. Kistaarabu kabisa, nikamwambia, mdogo wangu, mkono wa kushoto. Kaisoma, kimya. Juzi kaposti danki nyingine. Kulia.